Goti la Mlinzi wa Geti

Mwalimu alikuwa na tabia ya kukalia mikono yake. Ukipita dirishani kwa chumba chake cha kompyuta pale mtaani kwetu Bombambili ukamwona kwenye kigoda, viganja viko chini ya mapaja na shingo ameivuta mbele, ujue kuna mtu anacheza lile gemu lake. Aliikalia mikono ili isinyooshe kidole. "Nikimsaidia nimeharibu," alikuwa akisema. "Siku atakayocheza kwake mimi sitakuwepo." Mtu alikosea, akafa, akarudia, akafa tena, na Mwalimu alikunja uso kama anayetolewa mwiba, wala hasemi neno. Mimi nilijua mchezaji amefikia wapi bila kutazama skrini, kwa jinsi kile kigoda kilivyokuwa kikilia.

Mimi ni mshonaji. Nyumba ile ilikuwa na baraza moja na milango miwili. Cherehani yangu ilikaa kulia, mlango wake ulikuwa kushoto. Tulikaa hivyo miaka mingi, mimi na vitambaa vyangu, yeye na kompyuta zake za mtumba, ambazo mojawapo sikuwahi kuiona ikiwaka. Sijui kompyuta na sitajifanya najua. Ninayoyaandika hapa ni ya mtu aliyekaa baraza moja na mwenzake mpaka akamchoka, kisha mwenzake alipoondoka akaona baraza imekuwa kubwa bure.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mtu anaacha kitu na kuanza kingine. Karani wa ghala alifungua meza ya nguo za mtumba, dereva wa lori la ushirika akawa fundi baiskeli, na Mwalimu, aliyekuwa akifundisha hesabu sekondari, akaacha chaki na kutundika kibao cha mbao: MAFUNZO YA KOMPYUTA. Vijana walikuja kujifunza kuchapa barua za kuomba kazi. Hao ndio waliomlisha. Lakini wakishaondoka alivuta pazia, na hapo ndipo kazi yake hasa ilipoanza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya kompyuta alikuwa amemtengeneza kijana mdogo mwenye kaptula, tukimwita steringi kama wale wa kwenye vibanda vya video. Steringi anatoka kwake, anafuata njia. Anaruka mashimo, anapiga gogo lililoziba njia, mwisho anafika kwenye geti. Getini limesimama jitu lenye rungu, Mlinzi. Ukimshinda Mlinzi geti linafunguka, na hapo gemu lenyewe ndipo linaanza. Mwalimu alikuwa na ndoto ya mageti mengi, milima, mito, maadui wa kila sura. Lakini aliapa hatajenga chochote cha mbele mpaka mtu mmoja, mtu asiyewahi kugusa kompyuta maishani mwake, ampite yule Mlinzi bila kuelekezwa. Mtu mmoja tu. "Nikijenga ya mbele kabla geti halijafunguka," aliniambia, "nitakuwa nimejenga nyumba isiyo na mlango."

Alikuwa na mawazo mengi juu ya Mlinzi, na aliyamwaga kwangu kwa sababu nilikuwa karibu, na mtu mwenye miguu kwenye pedeli ya cherehani hana pa kukimbilia.

"Adui wa kwanza si adui, Mama Zuhura," alisema. "Ni mwalimu aliyeshika rungu."

"Kwani wewe umeshawahi kuona mwalimu asiyeshika rungu?" nilimuuliza. Hakucheka. Mambo ya Mlinzi hayakuwa ya kuchekesha kwake.

Alisema adui wa kwanza lazima awe mkubwa ili mtu aogope, na awe mzito ili huyo mwenye hofu apate nafasi. Asimtahini mtu somo ambalo njia haijamfundisha. Kama kumshinda kunataka kuruka, mashimo yatangulie. Kama kunataka kupiga, gogo litangulie. Kabla ya kupiga aonyeshe kwa mwili wake kwamba anataka kupiga, na aonyeshe vilevile kila mara, maana hakuna anayejifunza kwa kigeugeu. Na akikuua, uone mwenyewe ulipokosea. "Mtu akiona kosa ni lake, atarudia," alisema. "Akiona kosa ni la mashine, anaondoka na humwoni tena." Mimi niliishia darasa la saba. Nilipomsikia akisema hayo nilitamani angekuwa ndiye aliyenifundisha hesabu.

Kisha siku moja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuja kuchukua suruali yake, akamwona Mwalimu kupitia mlango wazi, akashusha sauti.

"Huyu naye yuko hapa?"

"Yuko. Unamfahamu?"

"Alitufundisha kidato cha kwanza. Wiki ileile ya kwanza akatupa mtihani wa mambo ambayo hatujawahi hata kuyasikia. Darasa zima tukapata sifuri. Akatucharaza mmoja mmoja, anasema ni ili tujue tumefika wapi."

Aliichukua suruali bila kuijaribu, akazungukia nyuma ya nyumba ili asipite mbele ya mlango ule. Mtu mzima mwenye duka na watoto. Nilipomuuliza Mwalimu, hakuinua hata macho. "Yule alikuwa mvivu," alisema, na akaendelea kujaza vijumba vya karatasi ya hesabu kwa penseli, kijumba kimoja kimoja, akichora bega la Mlinzi.

Ndivyo alivyokuwa. Kwa mtu aliyekaa mbele ya gemu alikuwa na subira ya punda. Kwa wengine wote hakuwa nayo hata ya kuku. Vijana wake wa kuchapa barua, mmoja akizima mashine bila kufuata utaratibu, tulimsikia Mwalimu mpaka barabarani. Alimpenda sana anayeanza, ilimradi asiwe mwanafunzi wake. Nilimwambia hivyo kwa maneno hayohayo, akaninunia siku nzima, jioni akaniletea chai ya rangi kwenye kikombe chake cha bati. Kuomba radhi kwa mdomo hakujui. Sweta lake la kijivu lilikuwa limetoboka viwiko. Nililiziba mara ya kwanza kwa kitambaa cha kijivu, mara ya pili kwa kilichokuwepo, na alilivaa baridi nzima ya mwezi wa sita na wa saba bila kugundua kwamba kiwiko kimoja kina maua.

Mke wake alikaa kijijini Mpitimbi, kwenye shamba la kwao, akiishi na mama yake aliyekuwa mgonjwa wa miguu. Alikuja mjini na lori la mazao, ameleta unga na maharage ya mumewe, akakaa kwenye benchi langu akisubiri pazia lifunguliwe. Mama mpole, mcheshi wa chinichini. Alinichekesha kwa kuniambia kwamba ana mke mwenza na hajawahi kumwona uso, amesikia tu anaitwa Mlinzi. Aliuliza lini mumewe atakuja kusaidia kuvuna, lini watapiga bati chumba cha mama. Jibu lilikuwa lilelile: "Nikimaliza geti."

Baraza nzima tulilishika neno hilo. Mteja akiniuliza gauni lake litakuwa tayari lini, nilimjibu nikimaliza geti, na mtaa mzima ulielewa maana yake. Mke wake naye alicheka na sisi. Sasa nikikumbuka kicheko chake naona kilikuwa kifupi.

Basi nije kwenye goti.

Kompyuta ile ilikuwa na kumbukumbu ndogo, na Mlinzi aliweza kuwa na picha tatu tu. Ukiongeza ya nne mashine inaganda. Kulikuwa na picha ya kusimama, picha ya kupiga, na picha ya kujiandaa kupiga. Hiyo ya kujiandaa Mwalimu aliichora Mlinzi amekunja goti moja mpaka chini, rungu ubavuni, kama paka anavyojikusanya kabla ya kuruka. Kwake yeye ilikuwa wazi kama mchana. Mtu anaona goti, anajua pigo linakuja, anaruka, rungu linapita chini, naye anashuka na kupiga.

Mtu wa kwanza kuwekwa mbele ya Mlinzi nilikuwa mimi. Niliruka mashimo, nikapiga gogo, nikafika getini nikiwa na jasho la mikono. Mlinzi akapiga goti. Nikaondoa vidole kwenye kibodi. Rungu likanishukia na steringi akafa, mimi niliyezoea vibanda vya video ambako kila mtoto anajua steringi hafi.

"Umeacha kucheza kwa nini?" Mwalimu aliniuliza nilipomaliza.

"Si alikuwa anasalimia?"

Akasema hayo ni mambo yenu ya Tunduru, nilikozaliwa mimi. Akamkalisha katekista, mtu wa hapahapa, babu yake na babu wa babu yake. Katekista naye alipoona goti aliacha kibodi. "Ameomba radhi," alisema baada ya kufa. "Mtu akishaomba radhi unampigaje?" Akawakalisha kina mama waliokuwa wakipita na ndoo, wakafa wote na mikono mapajani. Mmoja alikasirika kweli. Alisema huyo jamaa amelelewa wapi, anasalimia huku anapiga.

Sisi wa huku tunalijua goti. Mtoto anapiga goti akimsalimia mkubwa. Mke anapiga goti akimpa mgeni maji. Aliyekosa anapiga goti mbele ya wazee. Goti lina maana nyingi, lakini halina maana ya nakuja kukupiga.

"Mwalimu," nilimwambia, "wewe si mtu wa hapa?"

"Ni mtu wa hapa. Lakini mle ndani si hapa."

Alishikilia goti lake masika yote. Watu walikufa, yeye alikunja uso, kigoda kililia. Hatimaye alikubali, akamfanya Mlinzi ajiandae kwa kuinua rungu juu ya kichwa, na rungu lilipokuwa juu kila mtu alielewa mara moja. Hiyo aliichora mahali pa picha ya kupiga, na pigo lenyewe likawa ni Mlinzi kurudi kwenye picha ya kusimama, rungu chini. Wakakimbia. Katekista alimgeuza steringi akamrudisha njia nzima, akaruka mashimo kwa kurudi nyuma, akamsimamisha mlangoni kwake. "Nimefika salama," alisema, amefurahi. Mwalimu alikaa na mikono yake chini ya mapaja akimtazama kijana wake amesimama nyumbani, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma.

Aliyemwondolea tatizo hilo alikuwa mama wa dagaa. Huyu alikuwa akileta dagaa wa Nyasa, mama mnene asiyeharakishwa na mtu, akipumzisha tenga lake barazani kwetu kila alipokuja mjini. Mwalimu alimkalisha kwenye gemu. Alicheza vizuri kuliko sisi wote, labda kwa sababu hakuwa na wasiwasi. Alifika mbele ya Mlinzi, akasimama mbali kidogo, akagundua kwamba usipomsogelea hakufanyi kitu. Akageuka.

"Huko nyuma ya geti kuna nini?"

"Utaona ukifika," Mwalimu alisema.

"Mimi siendi mahali nisikojua nafuata nini," alisema mama wa dagaa, akajitwika tenga lake.

Swali hilo lilimkosesha Mwalimu chakula. Alikuja kwenye cherehani yangu akaniuliza mimi, Mama Zuhura, nikitoka asubuhi nafuata nini. Nikamwambia maji. Wakati ule kina mama wa Bombambili tulikuwa tunapanga foleni bombani tangu alfajiri, na siku nyingine tunarudi na ndoo kavu. Akaenda akachora bomba la maji nyuma ya geti, linaonekana kupitia kwenye nondo, linatiririka. Hakuna kingine alichobadilisha.

Watu wakaanza kupigana. Wallahi nilishangaa. Kina mama waliokuwa wakikimbia walirudi, wakafa, wakasogeza kiti vizuri, wakaanza upya, ingawa hakuna aliyekuwa amempita bado. Nilicheza mpaka nikachelewesha sare za watoto wa watu. Umeme wa mji ulikuwa wa mashine za dizeli na ulikuja kwa zamu. Zamu yetu ilipofika kulikuwa na watu wanasubiri barazani, wala si kwa ajili ya nguo. Mwalimu alikuwa akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani. Katika miaka yote ile ndio wakati pekee niliomwona ana furaha, na hata mimi, ninayejua kushona tu, niliamini kwamba kuna kitu kinakuja.

Kilichobaki ni ile picha ya goti. Picha zilikuwa adimu, hakutaka kuitupa. Akaihamishia mwisho. Mlinzi akishachoka, akibakiza pigo moja, anapiga goti na kutulia, na pigo hilo la mwisho ndilo linalofungua geti.

"Goti tena, Mwalimu?"

"Sasa ni halali," alisema. "Sasa kweli ameshindwa."

Siku yenyewe ilikuja na mambo mawili. Asubuhi alifika shemeji yake, mdogo wa mke wake, na baiskeli kutoka Mpitimbi, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama amefariki alfajiri. Mazishi alasiri ileile.

"Dada anasema uje, shemeji," alisema. "Kaniambia nisirudi bila wewe."

Mwalimu aliziba mdomo kwa kiganja. Yule bibi ndiye aliyekuwa akimfungia maharage kwenye vitambaa miaka yote hiyo. Nilimwona machozi yakimlenga, sitasema hakuumia. Lakini saa sita ilikuwa zamu yetu ya umeme, na mama wa dagaa alikuwa mjini kwa siku hiyo tu, anarudi Nyasa na hatapanda tena mpaka mvua zikatike. Tangu bomba lichorwe naye alikuwa amerudi kucheza, na mara ya mwisho alikuwa amebakiza kidogo sana kumshinda Mlinzi.

"Tangulia," alimwambia shemeji yake. "Nakuja na baiskeli yangu. Ni lisaa limoja tu."

Yule kijana alimtazama, akanitazama mimi, akapanda baiskeli.

"Mwalimu, nenda," nilimwambia. "Mkwe hazikwi mara mbili."

"Nitawahi."

Umeme ukaja. Mama wa dagaa akakaa, nami nikasimama mlangoni na sindano mdomoni kwa sababu sikuweza kurudi kushona. Alivuka mashimo, akapiga gogo, akafika getini. Mlinzi akainua rungu, yeye akaruka, akashuka, akapiga. Akapigwa mara moja, akasonya, akaendelea. Kigoda hakikulia hata kidogo. Mlinzi akayumba, akapiga goti, akatulia. Na mama wa dagaa akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani.

Tulisubiri. Bomba lilikuwa linatiririka nyuma ya nondo. Ndipo nilipomwona Mwalimu akitoa mikono yake chini ya mapaja.

"Mpige," alisema. Hakuwahi kusema neno wakati mtu anacheza. "Pigo moja tu, mama. La mwisho."

"Amepiga goti, Mwalimu."

"Ni picha tu hiyo."

"Najua ni picha." Aliinuka, akakaza kanga yake kiunoni. "Kanipiga, nimempiga, amekubali. Nikimpiga na hapo mimi nitakuwa nani? Mwambie afungue geti."

"Hawezi. Nimemwandika asifungue mpaka apigwe."

"Basi kosa si langu," alisema mama wa dagaa, akajitwika tenga akaondoka.

Mwalimu alipanda baiskeli saa ile. Nilikuja kusikia baadaye kwamba alikutana na watu wanarudi makaburini, majembe mabegani. Hakuna aliyemkemea. Shemeji zake walimtolea kiti wakakiweka pembeni, wakamletea chakula chake peke yake, kama anavyofanyiwa mgeni asiyejulikana vizuri. Mke wake hakurudi tena Bombambili. Unga na maharage navyo havikuja.

Nilimwacha siku kadhaa, kisha nikashindwa kunyamaza. Nilimuuliza kumfanya Mlinzi afungue geti pale anapopiga goti ni kazi kubwa kiasi gani.

"Mstari mmoja," alisema.

"Basi uandike. Yule mama atarudi, ashinde, uendelee na milima yako."

"Hapana. Geti halifunguliwi kwa huruma. Lazima ammalize."

Hapo nilikasirika, na hasira yangu haina breki. Nilimwambia kwamba ametengeneza mwalimu mzuri kuliko yeye na bado anamwonea wivu. Nikamuuliza, na Mpitimbi je, lini anatafuta mshenga aende naye akapige goti kwa wakwe kama mwanamume mwingine yeyote aliyekosa? Mambo haya yana njia yake, kila mtu anaijua. Lakini yana wakati wake pia. Ukichelewa sana, watu wanazoea kuishi bila wewe.

"Nikimaliza geti," alisema.

Barazani walikuwepo watu wawili watatu. Hakuna aliyecheka.

Mengine yalikwisha haraka, na sina hamu ya kuyarefusha. Karibu na stendi kilifunguliwa chuo chenye kompyuta mpya, vijana wa kuchapa barua wakahamia huko. Masika iliyofuata unyevu uliingia kwenye mashine. Siku moja aliiwasha ikatoa mlio, na gemu halikuonekana tena. Alikuwa na nakala kwenye diski, nazo zilikuwa zimeota ukungu kwenye mkebe wake. Alihangaika nazo miezi. Mwenye nyumba akataka chumba cha kuweka kreti za bia. Mwalimu alipakia vitu vyake kwenye mkokoteni akahamia Matogoro, na kibao chake nilikitumia kukatia vitambaa.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa hukohuko Matogoro, miaka mingi baadaye, nilipopeleka majoho ya kwaya. Nilimkuta nje ya chumba chake, chini ya mlima, akipalilia maharage. Alikuwa amekonda, na sweta lilikuwa lilelile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Zuhura. Hujafa?"

"Nikimaliza geti," nilisema, na tukacheka wote wawili.

Alinikaribisha kwenye kigoda, yeye akakaa kwenye jiwe. Kupitia mlangoni niliona lile boksi la kompyuta, limetolewa matumbo yote, limejazwa mbegu za maharage. Tuliongea habari za mji. Halafu akasema, bila mimi kuuliza, kwamba ule mstari ameshaukubali. Akipiga goti, geti lifunguke. Alisema, Mlinzi amekosa nini hata amwandike vile, mtu ameshashindwa na bado anasubiri apigwe.

"Basi uandike," nilisema.

"Kwenye nini?"

Aling'oa jani moja la gugu akawa analikunjakunja.

"Nilikwenda Mpitimbi," alisema. "Nilipata mshenga, mzee wa hapa jirani. Nilipiga magoti yote mawili uani kwao, mbele ya shemeji zangu, mpaka suruali ikashika tope. Mkubwa wao akasema tumekuona, inuka. Wakaniletea kiti."

"Na mwenyewe?"

"Alitoka. Ameota mvi. Akaniletea maji." Alisita. "Akapiga goti, Mama Zuhura. Akanipa kikombe kwa mikono miwili. Nikajiambia imekwisha, amekubali."

Nikakisogeza kigoda karibu naye.

"Zamani nyumbani alikuwa akipiga goti huku ananitania. Anasema, chukua maji yako wewe mzee wa hesabu. Safari hii alisema, karibu maji. Ndivyo anavyompa mgeni yeyote. Nilikunywa, nikamrudishia kikombe, akaingia ndani. Mshenga akaaga. Mimi nilibaki nimekaa pale mpaka kuku wakaingia bandani. Hakutoka tena."

Niliumia. Nikatoa majoho ya kwaya mzigoni nikaanza kuyakunja upya.

"Yule mama wa dagaa bado anapita?" aliniuliza.

"Hapiti. Aliacha biashara, karudi kwao Nyasa."

"Yeye ndiye mtu wangu mmoja. Alishinda siku ile. Ukimwona mwambie alishinda."

Nikasema nitamwambia, na wote wawili tulijua sitamwona. Nilijitwika mzigo wangu, nikaaga, nikashuka njia ya mjini. Pale kwenye kona nikageuka kumpungia. Alikuwa amehamia kwenye kigoda, shingo ameivuta mbele, ananitazama ninavyokwenda. Hakunipungia. Alikuwa ameikalia mikono yake.